Mashine Iweke Alama za Sauti, Alama za Maana Tuziweke Sisi

*Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Handeni na Korogwe*



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa jina lake laonekana kuwa ni la mafundi peke yao: kuiruhusu akili unde itie alama katika rekodi za sauti. Nitajaribu kuonyesha kwamba jambo hili linamhusu mtendaji wa kijiji cha Handeni na mwalimu wa shule ya msingi ya Korogwe kabla halijamhusu fundi wa mitambo. Katika wilaya zetu hizi sauti za watu zinanaswa kila siku, na yule atakayezitia alama ndiye atakayeamua ni zipi zitakazosikika tena na zipi zitakazolala.

Siku hizi simu ya mkononi ni kinasa sauti. Mwalimu humrekodi mzee akieleza asili ya kijiji, ili wanafunzi wapate somo la historia lenye sauti ya nyumbani. Mtendaji huurekodi Mkutano Mkuu wa Kijiji, ili baadaye aandike muhtasari kwa utulivu. Afisa utamaduni hurekodi ngoma na nyimbo. Hayo yote ni mema. Lakini rekodi zinarundikana, na hakuna mwenye nafasi ya kuzisikiliza.

Tufanye hesabu rahisi. Rekodi 40 za saa moja moja ni saa 40 za kusikiliza bila kusimama. Mtumishi wa umma anayeingia kazini saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri, siku 5 kwa juma, ana saa hizo hizo 40 tu. Akizisikiliza rekodi zote hafanyi kazi nyingine juma zima, na hapo bado hajaandika hata mstari mmoja. Ndiyo maana rekodi nyingi hazisikilizwi kamwe. Simu inaharibika, au inauzwa, na sauti ya mzee inakwenda nayo, na pengine mzee mwenyewe ameshatangulia.

Alama ni kitu gani

Walio na umri mkubwa watakumbuka kazi ya redio enzi za kanda. Mhariri alizungusha kanda kwa mkono mpaka alisikie neno alilolitaka, akatia alama ya penseli ya mafuta mgongoni mwa utepe, akakata kwa wembe kwa mshazari, akaunga kwa utepe wa gundi. Alama ilikuwa ndogo kama kidole, lakini ndiyo iliyouongoza wembe. Palipotiwa alama ndipo palipokatwa, na kilichoanguka sakafuni hakikusikika tena.

Leo wembe umeondoka na penseli imeondoka, lakini kazi ni ile ile. Programu ya kuhariri sauti, kama vile Audacity ambayo hupatikana bure, huionyesha sauti kama mchoro wa vilima na mabonde unaotoka kushoto kwenda kulia. Huo ndio mstari wa wakati. Alama ni kibendera kinachosimikwa mahali fulani juu ya mstari huo, kikiwa na maneno machache: “Mzee anaanza”, “Wimbo”, “Mvua inanyesha”. Msikilizaji akikigusa kibendera hicho husikia kuanzia hapo hapo, wala hana haja ya kupitia dakika 50 zilizotangulia.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo naomba tulishike, maana tutalirudia. Alama si sehemu ya sauti. Katika Audacity alama zote zaweza kutolewa na kuwekwa katika faili la maandishi matupu, ambalo kila mstari wake una vitu vitatu: sekunde ya kuanzia, sekunde ya kuishia, na maneno ya alama. Faili hilo huweza kusomwa, kusahihishwa, kuchapwa na kubandikwa ukutani, na sauti yenyewe isiguswe hata kidogo. Programu ya ELAN, iliyotengenezwa na Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, Uholanzi, na inayotumiwa sana na wataalamu wa lugha, inakwenda mbali zaidi: inaruhusu safu nyingi za alama juu ya sauti moja, kila safu na mwenyewe.

Sasa amekuja mfanyakazi mpya. Anaitwa wakala wa akili unde. Wakala ni programu inayopewa kazi kwa maneno ya kawaida, ikajipangia hatua, kisha ikaziendesha programu nyingine yenyewe. Unaiambia: “Sikiliza rekodi hii ya saa mbili, weka alama kila anapoanza msemaji mpya na kila mada inapobadilika.” Wakala hutumia mtambo wa kutambua usemi, hupata maneno na nyakati zake, kisha husimika bendera katika mstari wa wakati. Kazi ambayo ingekuchukua siku nzima huweza kuisha kwa muda mfupi sana.

Je, tuuruhusu? Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo shina la mazungumzo yangu.

Alama za aina mbili

Ndugu zangu, alama zote hufanana kwa sura lakini haziko sawa kwa uzito. Ziko alama za sauti na ziko alama za maana.

Alama ya sauti husema jambo ambalo sikio lolote laweza kulihakikisha. Hapa msemaji wa pili ameanza. Hapa ngoma imepigwa. Hapa pamekuwa kimya kwa sekunde 9. Hapa pikipiki imepita. Ukibisha, tunasikiliza pamoja na ubishi unakwisha.

Alama ya maana husema jambo jingine. Hapa mzee anakataa. Hapa mkutano umeridhia. Hapa ni utani. Hapa pasisikilizwe na watoto. Alama kama hiyo ni hukumu, hata ikiwa ni ya maneno mawili. Humwambia msikilizaji wa kesho namna ya kulielewa analolisikia, na mara nyingi humfanya asisikilize zaidi.

Hili si jambo geni katika mkoa wetu wa Tanga. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, alipoandika Habari za Wakilindi, alichukua masimulizi yaliyokuwa yakienda mdomo kwa mdomo, ya Mbegha mwindaji aliyetoka milima ya Nguu hata akatawala Usambaa, akayagawa katika sura. Toleo lililohaririwa na J.W.T. Allen lilitoka mwaka 1962, na tangu hapo wasomaji wengi humjua Mbegha kwa mgawanyo ule: hapa habari inaanza, hapa inakwisha, hili ni kubwa, hili ni la kupita. Kugawa kule kulikuwa ni kutia alama. Lakini aliyegawa alikuwa na jina, aliishi miongoni mwa watu anaowaeleza, na msomaji anayetaka kubishana naye anajua anabishana na nani.

Kwa hiyo kanuni ninayoipendekeza ni hii: mashine iweke alama za sauti, alama za maana ziwekwe na mtu mwenye jina, anayeijua lugha ya wasemaji. Sasa nieleze kwa nini.

Kwamkono si kwa mkono

Sababu ya kwanza ni lugha. Mtambo wa kutambua usemi uitwao Whisper, uliotolewa na kampuni ya OpenAI mwezi Septemba 2022, ulifundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Ni saa nyingi kupita kiasi. Kati ya hizo, saa 117,000 ndizo za lugha 96 zisizo Kiingereza, zikigawanywa bila usawa. Kiswahili kimo katika lugha zake. Kizigua hakimo. Kisambaa hakimo. Mtambo unaposikia Kizigua haukiri kwamba haujui. Huyavuta maneno kwenye lugha ya jirani inayoijua, na kwetu jirani huyo ni Kiswahili.

Tuchukue mfano mwepesi. Mzee anasema, “Sisi tulitoka Kwamkono.” Mtu wa Handeni anajua kwamba Kwamkono ni mahali. Mashine inayojua Kiswahili tu yaweza kuandika “tulitoka kwa mkono”, ikasimika bendera yenye maneno yasiyo na maana. Fikirini sasa majina yetu: Kwamatuku, Kwachaga, Kwamsisi, na upande wa Korogwe, Kwagunda na Kwamndolwa. Nchi nzima imejaa majina yanayoanza na “Kwa”. Historia ya uhamaji wa koo imo katika majina hayo. Mashine ikiyapoteza, mwanafunzi atakayetafuta jina la kijiji chake ndani ya rekodi ataambiwa halimo, na mzee alilitaja mara tano.

Hapo hatujafika kwenye mchanganyiko. Korogwe, mahali ambapo nchi tambarare ya Wazigua inakutana na milima ya Wasambaa, mtu mmoja huweza kuanza sentensi kwa Kiswahili, akaapa kwa Kizigua na kumalizia kwa Kisambaa. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge kama Magunga na Ngombezi yakaleta vibarua kutoka pembe nyingi za nchi na nje yake; wajukuu wao wanasema Kiswahili chenye chembe za kwao. Handeni nayo, tangu Juni 2022, imepokea familia zilizohamishwa kutoka Ngorongoro na kupewa makazi Msomera, hatua iliyozua mabishano ndani na nje ya nchi. Kimaasai kilikuwako Handeni tangu zamani, na sasa wasemaji wake wameongezeka.

Wapo pia ndugu zetu wa Chogo. Masimulizi ya Wazigua yanasema kwamba katika karne ya 19, wakati wa njaa, watu wao walipandishwa majahazi kwa ahadi za kazi na chakula wakapelekwa Somalia, na huko wakafanywa watumwa. Vizazi vyao viliishi kando ya Mto Juba na Kizigua hawakukiacha. Vita vilipoivuruga Somalia mwaka 1991, baadhi yao walirudi kwa njia ya bahari, wakapokewa Handeni, kwanza Mkuyu, kisha Chogo. Wengine walipitia kambi za Kenya hadi Marekani. Kizigua chao kimekaa mbali na chetu zaidi ya miaka mia moja. Mashine ikisikia maneno ya Kisomali ndani yake yaweza kuweka alama “lugha ya kigeni” juu ya sauti ya mtu aliyerudi kwao. Mtu wa Handeni hataweka alama hiyo. Atasikia lafudhi ya mbali, naye atauliza habari za safari.

Kimya cha mzee

Sababu ya pili ni kimya. Mtu mzima wa kwetu anapoulizwa jambo zito hajibu upesi. Hunyamaza. Hutazama chini. Kimya hicho kina kazi: chaweza kuwa huzuni, chaweza kuwa onyo kwa kijana kwamba ameuliza lisiloulizwa, chaweza kuwa ni kukataa kwa adabu.

Mashine haina subira na kimya. Mwaka 2024 kundi la watafiti likiongozwa na Allison Koenecke wa Chuo Kikuu cha Cornell lilichapisha uchunguzi juu ya mtambo wa Whisper. Waligundua kwamba katika takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti walivyovipima, mtambo uliandika maneno au sentensi nzima ambazo hakuna aliyezisema. Asilimia 38 ya maneno hayo ya kubuni yalikuwa ya kudhuru, kama vile kutaja ukatili au kuwahusisha watu na mambo yasiyokuwapo. Watafiti waliona pia kwamba hali hiyo huandamana na usemi wenye vituo virefu. Maana yake ni kwamba mahali mtu anaponyamaza, mashine huenda ikasema kwa niaba yake.

Asilimia 1 yaonekana ndogo. Lakini rekodi ya saa moja ikigawanywa katika vipande vya nusu dakika inatoa vipande 120. Kwa kiwango hicho, kipande kimoja hivi katika kila saa chaweza kuwa na maneno ya kubuni. Na rekodi za wazee zina vituo virefu kuliko rekodi za watangazaji.

Yako pia mambo ambayo wazee wenyewe hawaruhusu yasikike ovyo. Nyimbo za jando na unyago zina wenyewe. Mama anayemweleza mwalimu wa kike mambo ya mafunzo ya wari hakusudii yachezwe darasani mbele ya wavulana. Alama ya faragha lazima iwekwe mahali hapo, na wa kuiweka ni mtu anayeona haya. Mashine haioni haya.

“Ndiyo” ya mkutanoni

Sababu ya tatu ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa maana inagusa mashamba ya watu.

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi ya kijiji bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia kwanza. Kwa hiyo ile dakika ambayo mkutano umeridhia ni dakika yenye thamani ya eka nyingi. Mkutano ukirekodiwa, dakika hiyo imo ndani ya rekodi. Mgogoro ukitokea miaka sita baadaye, watu watarudi huko.

Tuseme rekodi ina saa tatu, na wakala ameagizwa aonyeshe mahali mkutano ulipopitisha jambo. Anasikia mwenyekiti akisema, “Je, ndugu wananchi, tumeelewana?” Anasikia sauti nyingi zikijibu, “Ndiyo!” Anasikia makofi. Anasimika bendera: “Mkutano umeridhia.”

Sisi tuliokaa katika mikutano hiyo tunajua kwamba “ndiyo” ya mkutanoni ina sura nyingi. Iko ndiyo ya “tumekusikia, endelea.” Iko ndiyo ya kumheshimu mgeni aliyesafiri. Iko ndiyo ya kuchoka na jua. Makofi nayo hupigwa kumshukuru msemaji, hata kama hoja yake haikubaliki. Na watu wanaokataa mara nyingi hawapigi kelele. Huondoka mmoja mmoja, au wanawake waliokaa nyuma huanza kunong'ona, na minong'ono hiyo kinasa sauti hukipata kwa mbali tu. Yule aliyekuwapo anajua. Mashine imepata “ndiyo” na makofi, na kwa hesabu yake imetosha.

Bendera hiyo moja ikiachwa, msikilizaji wa baadaye, ambaye ni ofisa mgeni asiye na nafasi ya kusikiliza saa tatu, ataigusa, atasikia “Ndiyo!”, atasikia makofi, na ataandika kwamba wananchi waliridhia. Kila alichokisikia ni cha kweli. Hitimisho lake ni la uongo. Na mwenye shamba hana wa kumshitaki, kwani aliyetia alama hana jina, hana ofisi, wala hawezi kuitwa mbele ya baraza akaulizwa, “Wewe, ulikuwa unamaanisha nini?”

Haki ya kumsifu mfanyakazi huyu

Baada ya kusema hayo, haki inanitaka niseme na upande wa pili, kwani wapo watakaonielewa kwamba nataka tuifukuze mashine. Sitaki.

Binadamu naye hutia alama kwa upendeleo. Karani aweza kuandika “wajumbe wote walikubaliana” kwa sababu ndivyo bwana mkubwa alivyotaka. Hapo alama za sauti zilizowekwa na mashine huwa ngao ya mnyonge. Wakala akionyesha kwamba kati ya dakika ya 42 na ya 47 walisema watu 4 tofauti, na muhtasari hautaji hata mmoja, basi pana swali la kuuliza. Mashine haikuambii walisema nini kwa maana yake, lakini imekuambia mahali pa kutega sikio. Haina woga wa mwenyekiti.

Kadhalika kwa mwalimu. Alama za sauti peke yake zinatosha kuifufua rekodi iliyokufa. Ukipewa saa mbili zilizokwisha kuonyeshwa mahali anapoanza mzee, mahali panapoimbwa, mahali penye kelele tupu, umepunguziwa mzigo mkubwa, na nguvu zako zilizobaki unaziweka penye maana. Mwanahistoria James Giblin, aliyeandika historia ya nchi ya Handeni katika kitabu kilichotoka mwaka 1992, ilimbidi awahoji wazee wa vijijini na kuyapima maneno yao. Kazi ya namna hiyo leo yaweza kufanywa na walimu wetu wenyewe, kila mmoja katika kata yake, ikiwa sehemu ya kuchosha itabebwa na mashine.

Wengine watasema: subirini, mashine itajifunza, Kizigua kitaingia, na ndiyo zote itazitambua. Huenda. Mimi nitafurahi siku Kizigua kitakapoingia. Lakini hata siku hiyo swali la dhamana litabaki pale pale. Anayesema kwamba wananchi wameridhia kuitoa ardhi yao lazima awe mtu anayeweza kuhojiwa. Ujuzi wa mashine waweza kuongezeka kila mwaka, na bado haitasimama kizimbani.

Tufanyeje

Ndugu Mwenyekiti, nisiishie kwenye maneno matupu. Napendekeza utaratibu wa mambo sita, ambao shule au ofisi ya kata yoyote yenye kompyuta moja yaweza kuufuata.

Kwanza, rekodi ya asili isiguswe. Itengenezwe nakala, na kazi yote ifanywe katika nakala. Hili lina sababu ya kiufundi pia: ukikata sekunde 10 za mwanzo katika sauti, alama zilizohesabiwa kwa sauti nzima hazitalingana tena na maneno, kila moja itaangukia sekunde 10 mbele ya mahali pake.

Pili, wakala apewe ruhusa ya kutia alama, asipewe ruhusa ya kukata. Audacity ina mlango wa kupokea amri kutoka programu nyingine, na mlango huo ukiachwa wazi, anayeweka bendera anaweza pia kufuta. Njia salama ni kumwagiza wakala aandike lile faili la maandishi matupu nililolitaja, kisha mtu aliingize mwenyewe katika programu.

Tatu, safu ya mashine na safu ya mtu zisichanganywe. Kila alama ya mashine ibaki katika safu yake, ikionyesha programu iliyotumika na tarehe. Alama ya maana ikiwekwa, iwe katika safu ya mtu, na jina lake liandikwe. Penye jambo la ardhi, wawe watu wawili, nao wasikilize dakika mbili kabla ya alama na dakika mbili baada yake. Mtu aliyechoka hukubali kila anachopendekezewa. Wakiwa wawili, mmoja atauliza.

Nne, mashine ipimwe kabla ya kuaminiwa. Chukueni dakika 10 za rekodi ya kwenu, tieni alama kwa mkono, kisha mpeni wakala dakika hizo hizo bila kumwonyesha kazi yenu. Hesabuni alama alizoziruka na alizozibuni. Zoezi hilo halihitaji shahada. Wanafunzi wa chuo cha ualimu wanaweza kulifanya kwa mchana mmoja, nao watajifunza juu ya lugha yao zaidi ya walivyotegemea.

Tano, msiipeleke sauti ya mtu asikokujua. Wakala wengi hufanya kazi katika mitambo iliyo ng'ambo, na kumpa rekodi ni kuisafirisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti juu ya kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi. Ipo mitambo ya kutambua usemi, Whisper ikiwa mmojawapo, inayoweza kufanya kazi ndani ya kompyuta yenu bila intaneti. Na kabla ya yote, mzee aelezwe kwa lugha anayoielewa kwamba sauti yake itasikilizwa na mashine, naye aseme kama ameridhia. Hapo napo, jihadharini na “ndiyo” ya adabu.

Sita, alama zirudi kwa wenyewe. Rekodi ikishatiwa alama, mzee aliyesema, au watoto wake, wasikilizishwe na kuulizwa: je, hapa ndipo ulipokataa? Je, hili lilikuwa utani? Wao ndio wahariri wa mwisho.

Kazi ni ya nani

Ndugu walimu na ndugu watumishi wa umma, sisi tumesomeshwa ili tuwe daraja baina ya watu wetu na maandishi ya ofisi. Kwa miaka mingi kilichovuka daraja hilo kilikuwa karatasi: muhtasari, barua, fomu. Sasa inavuka sauti yenyewe, pamoja na vituo vyake, vicheko vyake na vikohozi vyake. Ni neema kubwa, maana sauti ina ushahidi ambao karatasi haina. Lakini sauti ndefu isiyo na alama ni kama msitu usio na njia, na atakayechonga njia ndiye atakayeamua wasafiri wote watapita wapi.

Mashine na iyakate majani. Ina nguvu, haichoki, na wala haidai posho. Kuionyesha njia panda, na kusema hii inakwenda Kwamkono na ile inakwenda kwingine, ni kazi ya mtu wa mahali hapo. Tukiiacha kazi hiyo kwa kuwa ni ngumu au kwa kuwa mashine ni nyepesi, tusije tukashangaa siku mjukuu wa mkulima atakapofungua rekodi ya mkutano wa babu yake na kukuta bendera inayosema kwamba babu aliridhia, na hakuna hata mmoja wetu aliyeandika jina lake chini yake.